Sura ya Nne: Kwa Nini Bastola Fupi Haipigi Panapolengwa

Karibu kila anayeanza kujifunza bastola fupi huuliza swali moja. Mkufunzi akiishika, risasi zake tano zinatoboa karatasi mahali pamoja, matundu yakigusana. Mwanafunzi akipokea bastola hiyo hiyo na kusimama pale pale, matundu yanatawanyika kama mtama uliomwagika, na mengi yanaangukia chini kushoto. Je, bastola fupi kwa asili yake haina shabaha?

Inayo. Ikifungwa kwenye jiliwa la fundi na kufyatuliwa bila kuguswa na mkono, bastola fupi iliyo nzima hupiga kwa usahihi ambao watu wengi hawataufikia maishani. Tofauti yake na bastola kubwa ni kwamba haivumilii makosa ya anayeishika. Sura hii inaeleza makosa hayo yanatoka wapi na namna ya kuyaondoa, kwa mtu anayejifunza kihalali, kwenye uwanja wa shabaha, chini ya mkufunzi.

Bastola fupi ni ipi?

Bastola zinazotumia magazini, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingizwa ndani ya mpini, hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali. Familia ya Glock ya Austria inafaa kuwa mfano, kwa kuwa inajulikana pande nyingi za dunia. Glock 17, iliyotoka mwaka 1982 kwa ajili ya jeshi la Austria, ni ya ukubwa kamili, na mtutu wake una milimita 114. Mwaka 1988 ikaja Glock 19, yenye mtutu wa milimita 102 na mpini uliopunguzwa kidogo. Hiyo ndiyo bastola fupi inayozungumzwa hapa. Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, ikaja Glock 26, ndogo zaidi, yenye mtutu wa milimita 87.

Glock 19 bila magazini ina uzito wa gramu 600 hivi. Ikiwa na magazini iliyojaa risasi 15 inafika gramu 850 au zaidi kidogo. Uzito huu mdogo ndio unaowavutia wengi, na ndio chanzo cha nusu ya matatizo yao.

Lawama inayopewa mtutu

Wengi huamini kwamba mtutu mfupi hupoteza shabaha. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyochongwa kwa mzunguko, mfano wa uzi wa skrubu uliolegezwa sana. Risasi ikipita humo huzungushwa, na mzunguko huo huifanya itulie hewani kama pia inavyosimama ikizunguka. Katika bastola za Glock za milimita 9, mfuo hukamilisha duara moja kila milimita 250. Maana yake, risasi inayopita kwenye mtutu wa milimita 102 haifikishi hata nusu ya mzunguko kabla ya kutoka. Hata hivyo, kwa kuwa hutoka kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde, hewani huwa inazunguka takriban mara 1,400 kwa sekunde. Hapo imekwisha kutulia. Kufupisha mtutu kwa sentimita moja hupunguza kasi kidogo tu, wala hakupindishi njia ya risasi.

Lawama inayopewa vilengeo

Juu ya bastola kuna vilengeo viwili. Cha nyuma kina pengo, cha mbele ni kijiti. Kulenga ni kukiweka kijiti katikati ya pengo, ncha yake ikilingana na kingo za pengo, na mwanga ukiwa sawa kushoto na kulia.

Umbali kati ya vilengeo hivi una uzito wake. Anayenyoosha mstari kwa rula ya sentimita 15 hukosea zaidi kuliko anayetumia ya sentimita 30, kwa kuwa kosa dogo kwenye rula fupi hukua haraka mstari unaporefushwa. Hesabu ya bastola ni hiyo hiyo. Kijiti cha mbele kikiwa nje ya mahali pake kwa milimita 1 tu, risasi itakosea hivi ikifika mita 10:

- Glock 17, yenye milimita 165 kati ya vilengeo: milimita 61.
- Glock 19, yenye milimita 153: milimita 65.
- Glock 26, yenye milimita 137: milimita 73.

Tofauti kati ya bastola kamili na bastola fupi ni milimita 4, yaani chini ya unene wa penseli. Ipo, ila haitoshi kueleza matundu yaliyotawanyika kwa upana wa sahani.

Kidole kina nguvu kuliko bastola

Maelezo ya kweli yako kwenye triga, kile kiulimi kinachovutwa kwa kidole. Triga ya Glock 19 ya kawaida huhitaji nguvu ya kilo 2.5 hivi kabla ya kufyatua. Hiyo ni zaidi ya pakiti ya unga wa kilo mbili iliyoning'inizwa kwenye kidole kimoja. Bastola yenyewe, ikiwa imejaa, haifiki kilo moja. Kidole, basi, kinavuta kwa nguvu karibu mara tatu ya uzito wa kitu kinachotakiwa kitulie.

Hali hiyo ilinganishwe na bastola ya michezo ya Olimpiki ya mita 25. Kanuni zake huruhusu bastola yenye uzito wa hadi kilo 1.4, na triga inayohitaji angalau kilo 1 tu. Pale bastola inaweza kuwa nzito kuliko mvuto wa kidole, ndiyo maana mwanamichezo anaishika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni, na bado anapiga katikati. Bastola fupi imetengenezwa kinyume chake, nyepesi yenye triga nzito, kwa sababu haikukusudiwa mashindano hayo. Imekusudiwa kubebwa siku nzima bila kufyatuka kwa bahati mbaya. Uzito wa triga yake ni sehemu ya usalama wake, na anayekimbilia kuilainisha triga kabla ya kujifunza kuivuta anauza usalama ili anunue uvivu.

Teke nalo, yaani msukumo unaorudi mkononi bastola inapofyatuka, hukua bastola inapokuwa nyepesi. Risasi ile ile ikipigwa kutoka bastola yenye nusu ya uzito, nishati ya teke huwa karibu mara mbili.

*Kwa kifupi:* mtutu mfupi hauna kosa, na vilengeo vilivyokaribiana vina kosa dogo. Kosa kubwa ni triga nzito kwenye bastola nyepesi, na teke linalomfundisha mtu kuogopa.

Kabla ya kushika

Kanuni nne zilizoenezwa na mkufunzi Mmarekani Jeff Cooper hufundishwa leo karibu kila mahali:

1. Kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi, hata aliyeitoa akiapa kwamba haina.
2. Mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiangamiza.
3. Kidole kikae nje ya triga mpaka vilengeo viwe vimetua kwenye shabaha.
4. Shabaha ijulikane vizuri, pamoja na kilicho nyuma yake.

Kuondoa risasi kuna mpangilio wake, nao haugeuzwi. Magazini hutolewa kwanza, kisha slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, huvutwa nyuma, na chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Chemba ni kile chumba kilicho mwanzoni mwa mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri kufyatuliwa. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini huwa ametoa risasi moja na kuingiza nyingine, na ndiyo sababu ajali nyingi husimuliwa kwa maneno yale yale: "Nilidhani haina kitu."

Sheria pia hutangulia mkono. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, pamoja na bodi yake ya leseni. Mazoezi ya risasi za moto bila kibali, hata shambani kwa mtu mwenyewe, si mazoezi.

Mshiko

Kwa muda mrefu bastola ilishikwa kwa mkono mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 askari wa California aitwaye Jack Weaver alianza kushinda mashindano kwa kutumia mikono miwili, na wengine wakamfuata. Mikao imebadilika tangu hapo, lakini mikono miwili imebaki. Kwa bastola nyepesi haina mbadala, kwani mkono wa pili ndio unaoongeza uthabiti ambao bastola yenyewe haina.

Mkono wenye nguvu huingia kwanza. Panda iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada hupandishwa juu kabisa nyuma ya mpini, bila kuachia nafasi, ila pia bila kufika njia ya slaidi, ambayo hurudi nyuma kwa kasi na kuchana ngozi. Kadiri mkono unavyokaa juu, ndivyo teke linavyorudi moja kwa moja kiganjani badala ya kuinua mdomo wa bastola. Mkono wa pili hujaza sehemu ya mpini iliyobaki wazi, na vidole vyake hufunika vidole vya mkono wa kwanza chini ya kinga ya triga. Vidole gumba vyote viwili huelekea mbele, upande mmoja.

Mkono wa pili ubane zaidi kuliko ule wa kwanza. Wanafunzi hulisikia hili na kulisahau papo hapo. Mkono wa triga ukibana kwa nguvu zake zote, kidole cha shahada hakiwezi tena kwenda peke yake. Yeyote anaweza kujaribu sasa hivi: akunje ngumi kwa nguvu, kisha achezeshe kidole cha shahada peke yake. Kitakwenda kwa kukwamakwama. Alegeze ngumi kidogo, na kidole kitakuwa huru.

Kwenye bastola ndogo kabisa kidole cha mwisho hukosa pa kushika na kubaki kikielea. Kikunjwe chini ya magazini, au itumike magazini yenye kikanyagio kirefu. Kikiachwa hewani huchezacheza kila triga inapovutwa.

Kuhusu miguu hakuna mengi. Isimame kwa upana wa mabega, magoti yakiwa yamelegea, mwili ukiegemea mbele kidogo kama wa mtu anayesukuma toroli lenye mzigo. Anayeegemea nyuma atasukumwa na kila risasi.

Jicho lione nini

Jicho la binadamu haliwezi kuona vitu vitatu kwa ukali mmoja vikiwa katika umbali tofauti. Mtu akinyoosha kidole mbele ya kalenda iliyo ukutani na kusoma tarehe, kidole kinakuwa ukungu. Akitazama kucha, tarehe zinafifia. Mlengaji naye lazima achague kati ya kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha, na kwa kulenga kwa usahihi chaguo ni kilengeo cha mbele. Kingo zake zionekane kali, na shabaha iachwe ififie.

Hii inapingana na silika, inayotaka kutazama kile kinachopigwa. Sababu iko kwenye aina mbili za makosa. Mikono yote ikiyumba pamoja kwa milimita 5 huku vilengeo vikibaki vimelingana, risasi itakosea kwa milimita 5 hizo tu. Vilengeo vikiachana kwa milimita 1, kosa kwenye mita 10 ni milimita 65, kama ilivyohesabiwa hapo juu. Kuyumba kupo kwa kila mtu aliye hai na anayepumua. Anayesubiri mikono iwe jiwe huishia kuinyakua triga mara tu kijiti kinapopita katikati, na hapo huharibu kila kitu. Kuyumba kuachwe kuwepo, ilimradi vilengeo vibaki vimelingana.

Jicho linaloongoza lijulikane mapema. Mikono inyooshwe, viganja viunganishwe kwa kuacha tundu dogo, na kitu cha mbali kitazamwe kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Kisha jicho moja lifumbwe. Jicho ambalo bado linakiona kitu hicho ndilo linaloongoza, na bastola isogezwe mbele ya hilo, hata kama mkono wenye nguvu ni wa upande mwingine.

Kuvuta bila kukamua

Aliyewahi kupiga picha kwa simu gizani anajua jinsi picha inavyotoka na ukungu: kidole kilipobonyeza, simu nzima iliinama. Triga hufanya hivyo hivyo. Vidole vya binadamu vimezoea kufanya kazi pamoja, na mtu akiviamuru kwa ghafla, vyote vitano hukamua kama vinavyokamua tui la nazi. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkamuo huo huuvuta mdomo wa bastola chini na kushoto. Ndiyo siri ya matundu yanayokusanyika kwenye kona ile.

Ncha ya kidole, kati ya kucha na kiungo cha kwanza, huwekwa kwenye triga. Triga huvutwa kwanza mpaka ule ulegevu wa mwanzo uishe na kidole kikutane na ukuta, yaani mahali inapokuwa nzito. Kutoka hapo nguvu huongezwa polepole bila kusimama, kuelekea nyuma moja kwa moja, jicho likiwa kwenye kilengeo cha mbele. Bastola ifyatuke ndani ya mvuto huo wenyewe, bila mlengaji kuchagua sekunde yake. Baada ya kufyatuka, kidole kibaki kimeishikilia triga nyuma kwa muda, kisha kiachilie taratibu mpaka mlio mdogo wa triga kujirudi usikike. Anayekirusha kidole mbele mara risasi inapotoka hujizoesha kukirusha hata kabla haijatoka.

Hofu ya teke

Risasi hukaa ndani ya mtutu wa bastola fupi kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtu wa kawaida huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde ili mwili wake uitikie jambo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuiharibu risasi kwa kushtushwa na mlio wake, kwani mlio unapofika sikioni, risasi imekwisha kuondoka. Kinachoiharibu ni mshtuko unaotangulia. Mwili uliopigwa teke mara kumi huanza kujihami kabla ya teke la kumi na moja: viwiko hukaza, macho hufumba, kifundo cha mkono huinamisha bastola.

Mwenye tatizo hili huwa hajijui, kwa sababu teke lenyewe hulificha. Wakufunzi hulifichua kwa risasi bandia, ambazo zina umbo la risasi lakini hazina baruti. Msaidizi huzichanganya na risasi za kweli ndani ya magazini bila mwanafunzi kujua mpangilio. Risasi bandia inapofika, bastola hutoa mlio mdogo wa chuma tu, na kila aliyepo huona mdomo wake ukizama chini bila kusukumwa na chochote. Mwanafunzi aliyejiona akifanya hivyo mara moja hahitaji maelezo mengine. Baada ya marudio kadhaa, bastola huanza kutulia.

*Kwa kifupi:* mkono wa pili ubane, kilengeo cha mbele kionekane kikali, triga iongezwe nguvu bila kusimama, na teke liachwe lije.

Mazoezi makavu

Karoly Takacs wa Hungary alikuwa mlengaji wa kiwango cha juu aliyetumia mkono wa kulia, mpaka mwaka 1938, bomu la mkono lilipouharibu mkono huo. Alijifundisha upya kwa mkono wa kushoto, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 jijini London mwaka 1948, na tena Helsinki mwaka 1952. Kisa chake kinaonyesha kwamba shabaha si kipaji kilicholala katika mkono fulani. Hujengwa kwa marudio, na marudio mengi hayahitaji risasi.

Zoezi kavu ni kufyatua bastola tupu. Dakika kumi kwa siku zinatosha:

- Chemba ikaguliwe mara mbili, na risasi zote ziachwe chumba kingine.
- Alama ndogo ibandikwe kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake.
- Sarafu ilazwe juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele.
- Triga ivutwe mpaka mlio usikike. Sarafu ikianguka, mkono umekamua.
- Dakika zikiisha, bastola ifungiwe kabatini papo hapo, bila ile "moja ya mwisho" ambayo imetoboa kuta nyingi.

Uwanjani

Mlio wa bastola ya milimita 9 hufika desibeli 160 hivi, wakati madhara ya kudumu ya sikio yanaweza kuanzia 140 kwa mlio mmoja tu. Viziba masikio na miwani huvaliwa kabla ya risasi ya kwanza, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi.

Mwanafunzi aanze na mita 5, risasi tano kwa karatasi moja, na asisogee nyuma mpaka matundu matano yafunikwe na kiganja. Kisha mita 7, kisha 10. Risasi hamsini zilizopigwa kwa makini hufundisha kuliko mia mbili, kwa kuwa mkono ukichoka, hofu hurudi.

Karatasi isomwe kwa mkusanyo, si kwa tundu moja. Matundu yaliyotawanyika pande zote yanaonyesha jicho lililoacha kilengeo cha mbele. Matundu ya chini kushoto, kwa mtu wa mkono wa kulia, yanaonyesha kukamua. Mstari wa matundu unaoshuka moja kwa moja chini mara nyingi ni hofu ya teke.

Mkusanyo ukiwa mdogo na thabiti, lakini umekaa pembeni ya mahali palipolengwa siku zote, na mkufunzi akiijaribu bastola hiyo akapiga pale pale, hapo ndipo vilengeo vinapoguswa. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule ule ambao matundu yanatakiwa kuhamia. Mkusanyo ulio milimita 30 kushoto kwenye mita 10 unahitaji kilengeo cha Glock 19 kisogezwe kulia kwa karibu nusu milimita, kazi ya fundi wa silaha mwenye kifaa chake.